Gemu za simu kwenye foleni za bustani ya burudani: zipi zinafaa, chaji inaishaje, na wapi hutaruhusiwa kuitoa simu

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Mnaenda bustani kubwa ya burudani, wakubwa wawili na watoto wawili, na foleni zake hufika saa nzima au zaidi. Unataka kujua gemu zipi zinafaa kupitishia muda, chaji itatosha vipi, na kama inawezekana bila bando. Nianze na ambalo hukuliuliza, maana ndilo linaloamua mengine: simu yenyewe inaruhusiwa kuingia kwenye foleni?

Wengi hudhani simu unaiweka kando ukifika pale pa kupandia. Sivyo kila mahali. Kuna rola kosta (treni za kasi za kwenye reli zinazopanda na kushuka) ambazo makabati ya mizigo yapo kabla foleni haijaanza, na ukishafunga kabati ndiyo basi, dakika zote za kusubiri ni mikono mitupu. Incredible Hulk, rola kosta ya bustani ya Universal Orlando huko Marekani, huwapitisha abiria kwenye kitambua vyuma, kwa hiyo hata simu ya mfukoni haipenyi. Cedar Point, bustani nyingine ya Marekani, mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi kwa rola kosta yake ya Steel Vengeance: ilipiga marufuku simu ndani ya foleni yenyewe, kwa sababu vitu vilikuwa vinaruka mifukoni wakati wa safari. VelociCoaster, rola kosta iliyofunguliwa 2021 hapo hapo Universal Orlando, ina mpangilio mwingine: makabati yana milango pande mbili na yako karibu na pa kupandia, hivyo unabaki na simu karibu foleni nzima na kuikuta upande wa pili ukishuka.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, fungua ukurasa wa kila mchezo wa kupanda mnaoutaka kwenye tovuti ya bustani na usome sheria za vitu vya mkononi. Andika pembeni ipi inaruhusu simu na ipi hairuhusu. Kwa zile zisizoruhusu andaa michezo ya mdomo, kama ya kutaja majina kwa herufi au mtu kuwaza kitu na wengine kumuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Mzazi aliyetegemea simu peke yake hapo ndipo anapochanganyikiwa.

Sasa gemu zenyewe. Foleni ya bustani haisimami tuli na wala haitembei sawasawa. Kila treni ikiondoka mbele hubeba kundi, na nafasi iliyoachwa husafiri kurudi nyuma kama wimbi. Pale foleni ya kawaida inapokutana na ile ya waliolipia kupita haraka, mhudumu huruhusu wengi wa upande mmoja, kisha wachache wa upande wenu, kisha anabadilisha. Matokeo yake mnasimama dakika kadhaa, mnatembea hatua kumi, mnasimama tena, na hakuna anayejua lini. Gemu inayofaa hapo ni ile unayoweza kuiacha sekunde yoyote bila kupoteza kitu, inayochezwa simu ikiwa wima, kwa mkono mmoja, na bila sauti.

Kwa kipimo hicho, sudoku, chesi dhidi ya simu, drafti, karata za mtu mmoja, mafumbo ya maneno na yale ya kupanga vipande zinafaulu. Zinazofeli ni gemu za mechi ya moja kwa moja. Mechi ya Mobile Legends, vita ya timu za watu watano watano, inachukua kama robo saa, na ukiitoroka katikati unakatwa alama za uaminifu na kuwaharibia wenzako wanne. PUBG Mobile, ile ya kupigana risasi, mechi ya kawaida inaweza kukaribia nusu saa. Zote mbili zinataka mikono miwili, mtandao usiokatika na macho yasiyoinuka, na ndiyo hasa vitu ambavyo foleni haikupi. Mtu anayecheza hizo ndiye anayeacha pengo la mita tano mbele yake huku watu wa nyuma wanaguna.

Kwa familia, mimi naziweka juu zaidi gemu za simu moja kwa watu wengi. Ludo King, yaani ludo ya kwenye simu, ina sehemu ya kucheza bila mtandao, simu inapokezanwa mkono kwa mkono, na hali ya mchezo inabaki palepale mkisogea. Heads Up!, ile ya kuweka simu kwenye paji la uso wenzako wakikupa vidokezo, inawafaa sana watoto, ila ina kelele, kwa hiyo ni ya foleni ya nje tu. Sehemu ya ndani yenye giza, ambapo bustani imetengeneza mandhari na hadithi ya utangulizi, simu irudi mfukoni. Mwanga wa skrini gizani unawaudhi watu kumi waliokuzunguka, na mara nyingi hiyo sehemu ndiyo nusu ya kile mlicholipia.

Mkitaka kila mtu acheze kwa simu yake dhidi ya mwenzake bila bando, inawezekana kwa gemu zenye uchezaji wa mtandao wa karibu. Simu moja inawasha hotspoti, data yake ikiwa imezimwa, nyingine zinajiunga, kisha ndani ya gemu mnachagua kucheza kwa Wi-Fi ya karibu. Minecraft na Mini Militia zinafanya hivyo. Shida ya kawaida: simu zilizojiunga hugundua kuwa hiyo Wi-Fi haina intaneti na kujiondoa zenyewe. Ujumbe wa kuuliza kama ubaki ukitokea, kubali kubaki. Minecraft inataka pia wote wawe na toleo lilelile, kwa hiyo sasisheni siku moja.

Kipimo cha kujua gemu inafanya kazi bila mtandao kifanyike nyumbani usiku wa kuamkia safari. Weka simu kwenye hali ya ndege, ifunge gemu kabisa hata kwenye orodha ya programu za nyuma, kisha ifungue upya na ucheze hatua mbili tatu. Ukiruka hatua ya kuifunga kabisa utadanganyika, maana gemu iliyokuwa wazi tayari inaendelea kwa kumbukumbu yake. Baadhi ya gemu za bure zinakataa kufunguka bila intaneti kwa kuwa zinaishi kwa matangazo, na nyingine hufunguka lakini zinataka kupakua faili zaidi baada ya hatua ya kwanza.

Kwa nini nasisitiza bila mtandao hata kama una bando la kutosha? Kwa sababu kwenye umati mkubwa utaona alama za mtandao zimejaa na bado hakuna kinachofunguka. Alama zinaonyesha nguvu ya mawimbi tu, hazionyeshi ni watu wangapi wanaugawana mnara huo. Wi-Fi ya bustani nayo ina tabia ya kung'ang'ania: simu inabaki imeshika kifaa cha Wi-Fi ulichokiacha mita mia nyuma na kukataa kuhamia data. Ukiona hivyo zima Wi-Fi. Ndani ya majengo ya chuma na zege mambo ni mabaya zaidi, kwani simu inaongeza nguvu ya kutafuta mnara, na hapo chaji inashuka hata ukiwa huchezi.

Chaji ndiyo mada nzito. Kumbuka kazi ya simu siku hiyo: tiketi, ramani, muda wa foleni, kuagiza chakula, malipo, na kupatana mkipotezana. Gemu ni ya mwisho. Mimi naweka mstari kwenye asilimia 40: simu yenye tiketi ikifika hapo, gemu zinafungwa mpaka ichajiwe. Afadhali zaidi, simu ya tiketi isichezewe kabisa, na gemu ziwe kwenye simu ya mtu mzima wa pili au simu kuukuu isiyo na laini. Simu kuukuu ni suluhisho ambalo watu wanalidharau. Ikianguka kwenye zege hakuna kilio, na mtoto hawezi kununua chochote kama haina kadi ya malipo.

Kadirio la matumizi lifanye mwenyewe kabla ya safari, kwa sababu betri ya simu ya miaka mitatu si sawa na mpya. Pandisha mwangaza hadi juu kabisa, maana juani utalazimika kuwa huko, cheza nusu saa, angalia imeshuka asilimia ngapi, zidisha mara mbili upate matumizi ya saa moja. Utaona mwenyewe gemu ya picha za 3D ilivyo mbali na sudoku. Miwani ya jua yenye kichujio cha kuzuia mng'ao inaweza kuifanya skrini ionekane nyeusi ukiishika kwa pembe fulani, kisha mtu anaongeza mwangaza bure. Zungusha simu kwanza.

Pawabanki: namba ya mAh 10,000 (kipimo cha ujazo wa betri) inahesabiwa kwa seli ya ndani yenye volti 3.7, yaani Wh 37 (wati-saa, kipimo cha nishati). Umeme unapopandishwa hadi volti 5 wakati wa kutoka, na kuteremshwa tena ndani ya simu, sehemu yake inapotea kuwa joto. Kwa hiyo simu ya mAh 5,000 utaijaza mara moja na nusu hivi, si mara mbili kama hesabu ya karatasi inavyodai. Kwa nyinyi wanne moja ya 10,000 kwa kila mtu mzima inatosha, nami naipendelea kuliko moja ya 20,000, ambayo ni nzito na ikisahaulika imesahaulika yote. Kama mnasafiri kwa ndege, zote mbili ziko chini ya kikomo cha Wh 100 na zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini.

Usichaji ukiwa unacheza juani. Apple inataja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kama joto la mazingira la kutumia iPhone, na simu nyingine nazo hazipendi zaidi ya hapo. Gemu inaipasha moto kwa ndani, chaja inaongeza, jua linamalizia. Simu inajilinda kwa kufifisha skrini, kupunguza kasi, kisha kusitisha chaji. Hapo watu hudhani waya umekufa na kununua mwingine. Ondoa waya, vua kava, iweke kivulini, subiri. Usiigusishe na barafu wala chupa ya maji baridi, mvuke utageuka maji ndani. Wakati mzuri wa kuchaji ni mkiwa mmekaa kula, skrini ikiwa imezimwa. Waya unaoning'inia kwenye foleni hunaswa na vyuma vya kuzuia watu, na kinachovunjika ni tundu la simu.

Hali ya ndege inaokoa chaji nyingi, lakini kuna mtego: bustani nyingi hutuma taarifa ya zamu yako ya foleni ya mtandaoni au chakula kilicho tayari kupitia programu yao. Simu zote nne zikiwa kwenye hali ya ndege, zamu inapita. Moja ibaki hewani, na mjue ni ya nani.

Kuhusu Pokémon GO, gemu ya kutembea na kukamata viumbe kwenye ramani ya mahali ulipo, ambayo mtoto wako mkubwa anaipenda: bustani kwa kawaida zina PokéStop (vituo vya kuchukulia zawadi kwa kuvizungusha kwenye skrini) nyingi zilizokaribiana, na tangu 2021 unaweza kuzungusha kituo ukiwa mita 80. Ndani ya foleni zenye paa GPS huyumba na mhusika hukimbia huku na huko peke yake. Usihangaike naye. Zima kamera ya uhalisia ulioongezwa, ile inayomwonyesha kiumbe juu ya picha ya mahali ulipo, ni mlaji mkubwa wa chaji. Washa Adventure Sync kwenye mipangilio ya gemu, hatua zinahesabiwa gemu ikiwa imefungwa, na siku nzima ya kutembea inaweza kuangua yai la kilomita 10 (yai la ndani ya gemu linaloanguliwa ukitembea umbali huo) bila kuitoa simu mfukoni. Sheria moja kwa mtoto: kukamata ni mkiwa mmesimama, kutembea ni macho mbele.

Kuna pia gemu za bustani zenyewe. Disney ilitoa programu ya Play Disney Parks mwaka 2018, yenye michezo inayofunguka ukiwa kwenye foleni fulani tu, kama Space Mountain na Peter Pan's Flight. Inataka Bluetooth na mahali viwe vimewashwa, na ukinyima ruhusa moja inakaa kimya bila kueleza kwa nini. Super Nintendo World, eneo la wahusika wa Nintendo lililoanza bustani ya Universal Studios Japan mwaka 2021, inatumia bangili inayounganishwa na programu ya bustani: unagonga maboksi kwa mkono, simu inaonyesha sarafu tu. Hiyo naikubali zaidi, mtoto anabaki akitazama mazingira. Gemu za aina hii huongezwa na kuondolewa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kumwahidi mtoto.

Mnapokaribia kupanda, funga gemu kabla ya kona ya mwisho. Simu iingie mfuko wenye zipu. Kama ni iPhone 14 au mpya zaidi, zima utambuzi wa ajali: mwaka 2022 simu hizo zilipigia huduma za dharura zikiwa kwenye rola kosta, zikidhani gari limegonga. Iwashe tena mkiondoka, kwa sababu barabarani utaihitaji.

Michezo ya kupanda yenye maji nayo: alama ya IP68, ile ya simu kustahimili maji na vumbi, inapimwa kwa maji safi yaliyotulia, si maji yenye klorini yanayorushwa usoni. Mfuko wa plastiki wenye zipu unatosha. Simu ikilowa na kukataa kuchaji, imehisi unyevu tunduni. Igonge polepole kwenye kiganja tundu likiangalia chini, iache mahali penye hewa, na usiingize pamba wala kijiti. Chaji isiyotumia waya, kama simu yako inayo, itafanya kazi wakati tundu likikauka, ila kausha mgongo wa simu kwanza.