Maswali ya Wasomaji: Gari la Zamani, Mradi wa Kwanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaotaka kununua gari la zamani na kulifufua wenyewe, na hawajawahi kufufua lolote. Mafundi wetu wanajibu.

SWALI: Nimepata Volkswagen Beetle mbili, bei ni ileile. Moja inawaka na kutembea, ila sakafu imeoza. Nyingine bodi ni nzima lakini injini imekufa. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua yenye injini mbovu. Anayeanza huvutwa na mlio wa injini, kumbe hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Injini ya Beetle imeshikwa kwenye gia boksi kwa bolti nne. Watu wawili wenye jeki nzuri wanaishusha asubuhi moja, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Sakafu iliyooza ni habari nyingine. Mara nyingi huoza pamoja na mikondo ya hewa ya joto inayopita chini ya milango, na mikondo hiyo ndiyo inayoipa bodi nguvu. Kuibadilisha ni kukata, kupima, kuchomelea na kupima tena. Kwa mtu anayefanya kazi mwisho wa wiki tu, hesabu miezi.

Lakini usiamini maneno "bodi nzima" mpaka uingie chini yake mwenyewe. Nenda na taa, bisibisi kuukuu na sumaku ndogo iliyovikwa kitambaa. Nyanyua kiti cha nyuma: betri ya Beetle hukaa pale, upande wa kulia, na asidi yake imetoboa sakafu za magari mengi. Kisha mwombe mwenye gari ruhusa, uchome kwa bisibisi kichwa cha fremu kinachoshika ekseli ya mbele, ncha za mikondo karibu na magurudumu ya nyuma, na shimo la tairi ya akiba. Chuma kizima hukataa, kilichooza huipitisha. Sumaku ipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Isiponata, chini ya rangi kuna puti nene, na puti nene haiwekwi bure. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari linalouzwa kama mradi itiliwe shaka kuliko rangi iliyopauka.

Tazama pia mwanya kati ya mlango na bodi. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limelegea katikati.

Halafu uliza injini imekufaje. Iliyokwama kwa kusimama muda mrefu inaweza kuamka. Iliyotobolewa na konrodi, yaani mkono unaobeba pistoni, haiamki. Kama inazunguka, shika puli ya krankishafti (mhimili mkuu wa injini) uivute na kuisukuma: mchezo wake unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, yaani usiusikie kabisa. Ukisikia inagonga, hesabu injini nzima ya kufungua.

SWALI: Muuzaji wa Land Rover Series ananihakikishia kwamba haishiki kutu kwa sababu bodi ni ya alumini. Ni kweli?

JIBU: Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama. Chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria pia ni wa chuma. Chasisi yake ni boksi: tope huingia ndani, hukaa na unyevu, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Kwa macho utaona rangi nyeusi safi tu. Gonga kwa nyundo ndogo kila shubiri, hasa mikono ya pembeni inayobeba bodi na upau wa nyuma kabisa. Mlio mkali ni chuma. Mlio butu ni maganda ya kutu. Unga mweupe unaouona pale alumini inapokutana na chuma ni metali mbili zinazolana kwa sababu ya maji yenye chumvi. Sumaku hapa haikusaidii kwenye bodi. Habari njema ni kwamba chasisi mpya zilizopakwa zinki zinauzwa, ila kuhamishia gari zima kwenye chasisi mpya si kazi ya mradi wa kwanza.

SWALI: Nimenunua tayari. Gari limesimama miaka 12 na injini haizunguki. Jirani anasema tulivute kwa kamba likiwa kwenye gia.

JIBU: Mshukuru jirani, kamba iweke kando. Pistoni ikiwa imeganda, kulivuta ndiyo njia ya mkato ya kupinda konrodi au kuvunja pete za pistoni.

Toa plagi zote. Changanya oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, umimine vijiko viwili vikubwa katika kila silinda. Viwili hivi hutengana, kwa hiyo tikisa chupa kila mara, na mvuke wa asetoni unawaka, basi moto uwe mbali. Acha siku kadhaa, ukiongeza inapopungua. Kisha weka gia huru, shika bolti ya puli kwa spana, usogeze mbele na nyuma. Ikisogea nyuzi chache tu, ridhika, ongeza dawa, rudi kesho. Usirefushe spana kwa bomba.

Ikishazunguka, fungua kifuniko cha valvu uhakikishe kila moja inafunguka na kurudi. Iliyonata huharibu fimbo inayoisukuma. Badilisha oili na filta kama ipo. Plagi zibaki nje, kwa sababu kimiminika hakibanwi: kikibaki ndani ya silinda iliyofungwa, konrodi hupinda. Tenga waya wa koili inayopeleka umeme kwenye plagi, zungusha kwa stata sekunde 10 kila mara mpaka taa ya oili izime. Petroli usiitoe kwenye tanki la zamani. Tumia kopo safi na mpira mpya.

Mgandamizo, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, upime injini ikishawaka na kupata joto siku ya kwanza, maana kabla ya hapo dawa iliyolowesha silinda itakudanganya. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hivi. Iliyo chini, itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, pete zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi.

SWALI: Breki zinashika vizuri. Naweza kuziacha mwishoni?

JIBU: Hapana. Mafuta ya breki hunyonya maji, na maji hula silinda za breki kimyakimya. Badilisha mipira yote inayopinda ya kupitishia mafuta hayo, maana huvimba kwa ndani, na mafuta yote. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi: lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Na matairi? Soma alama pembeni. Tarakimu nne ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, litupe hata kama kashata zake zimejaa.

SWALI: Nilivue lote nipige rangi kwanza, au nianze wapi?

JIBU: Miradi mingi hufia hapo, gari likiwa limelala kwenye makatoni. Lifanye kwanza lisimame, kisha liwake, kisha litembee. Baada ya hapo fungua eneo moja, limalize, ndipo uende jingine. Piga picha kabla ya kugusa bolti, na kila bolti iingie kwenye mfuko wenye maandishi.

Kama gari halina chasisi ya peke yake, mfano MGB au Morris Minor, usikate vizingiti vya milango kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango. Ukikata bila hivyo, bodi hukunjika na mlango hautafungika tena. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Wakati wa kuchomelea, tanki la petroli liwe nje na betri imetengwa. Chomelea kwa nukta zilizoachana sentimita 2 au 3, ukirukaruka, ili bati lisijikunje kwa joto. Na usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea: joto huigeuza fosjini, gesi inayoua.

SWALI: Namba ya chasisi ya Beetle iko wapi?

JIBU: Imegongwa kwenye mtaro wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Iangalie ukiwa umekinyanyua kwa ajili ya betri. Isipolingana na ile ya kwenye kadi, usitoe pesa.