Mtungi ni mtungi: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo, jua bado kali na mvua tunaisubiri. Ujumbe wako niliupata Jumanne usiku. Unasema bosi anataka usaini kwamba stoo imepokea mifuko 200 ya saruji, nawe umehesabu 140. Kisha ukaniuliza: "Baba, wale Wakristo wa kwanza waliambiwa tu watie ubani kidogo mbele ya sanamu ya kaisari. Si wangetia, wakarudi nyumbani kulea watoto wao, na Yesu wanaye moyoni? Mungu si anaona moyo?"

Nikuambie ukweli. Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa "Saini, mwanangu, una mtoto." Nikalifuta. Usingizi ukanipotea, nikamkumbuka Perpetua, mmoja wa Wakristo hao wa kwanza.

Alikuwa na miaka kama 22, mtoto wake ananyonya, walipomkamata Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Hata ubatizo alikuwa hajapata. Alikuwa katekumeni, yaani bado anafundishwa imani, akabatizwa akiwa chini ya ulinzi. Habari za kifungo chake aliziandika mwenyewe. Anasimulia baba yake alivyokuja kumsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha mtungi uliokuwa pale, akamuuliza kama unaweza kuitwa kwa jina jingine. Mzee akasema hapana. Basi na mimi, akamjibu, siwezi kujiita kitu kingine ila nilivyo, Mkristo.

Huyo mzee ndiye aliyenikosesha usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Alirudi tena, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake akilia, akimwita bibi, kama mwanamke mkubwa wa heshima, badala ya binti. Siku ya kesi akatokea na mjukuu mikononi. Liwali Hilarianus naye akasema: zihurumie mvi za baba yako, mhurumie mtoto, toa sadaka kwa ajili ya heri ya makaisari. Perpetua akakataa. Mzee akachapwa fimbo pale pale, na binti anaandika kwamba ilimuuma kana kwamba amechapwa yeye. Kwa hiyo usidhani walikuwa na mioyo ya mawe. Alimwonea baba yake uchungu, na sadaka hakutoa. Tarehe 7 Machi waliingizwa uwanjani kutupiwa wanyama wakali, yeye na Felicitas, mtumwa aliyekuwa amejifungua mle gerezani siku chache tu kabla.

Sasa hilo la moyo. Miaka 90 hivi kabla yao, Plinius, liwali wa Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya sasa, alimwandikia Kaisari Trajanus kuhusu Wakristo. Alikuwa amewahoji hata walioiacha imani. Wakamwambia kosa lao lote lilikuwa hili: siku maalumu walikutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakala kiapo. Kiapo cha nini? Kwamba hawataiba, hawatapora, hawatazini, hawatavunja neno lao, wala hawataikana amana mwenyewe akija kuidai.

Amana, mwanangu! Stoo uliyokabidhiwa funguo zake ni nini kama si amana? Wakristo waliokataa ubani hawakuanza kumtii Mungu siku ya simba. Walianza alfajiri, kwa mambo ya pesa za watu na ndoa zao, ndiyo maana ubani ulipoletwa mkono ulishajua la kufanya. Mungu anaona moyo, ndiyo. Lakini hao moyo wao hawakuutenga na mkono, na mimi sitaki kukufundisha kuutenga.

Andika 140. Usigombane na bosi wala usimpandishie sauti. Mwambie kwa heshima kwamba hivyo ndivyo ulivyohesabu, na utunze nakala. Mimi baba yako sitakuja kukulilia magotini ubadilishe tarakimu.

Kazi ikiisha, panda basi uje na mjukuu wangu. Nimemweleza mama yako asubuhi ya leo. Hakusema kitu, aliingia chumbani kwako, akatoa godoro na kulianika juani.

Baba yako