Muulize Mwalimu: Madaha si Mbwembwe

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Juzi mteja alikuja kujaribu gauni la kitenge, la sendofu ya mdogo wake. Likamkaa hasa. Akageuka mbele ya kioo, akatembea hadi mlangoni na kurudi taratibu, mkono kiunoni. Nikamwambia, "Dada, una mbwembwe wewe!" Nilikuwa namsifia. Akanuna, akavua, akaondoka, na nusu ya pesa sijaiona hadi leo. Kwani nilimtukana? Na hayo maringo, madaha, mikogo na majivuno si kitu kimoja?*

Marahaba, fundi. Hukumtukana, ila ulimpa neno la konda wa daladala.

Mbwembwe ni vitendo vya ziada ili mtu atazamwe. Konda ananing'inia mlangoni kwa mguu mmoja na ndani viti vipo. Winga keshampita beki, anarudi kumpiga chenga ya pili. Uwanjani tunazilipia kiingilio, na MC wa harusi asiye nazo haitwi tena. Lakini mwanamke aliye mbele ya kioo, gauni lenyewe hajalizoea, ukimtajia mbwembwe anasikia kwamba anajitafutia watazamaji.

Neno lako lilikuwa madaha. Hayo yamo mwilini, kwenye mwendo, shingo, namna ya kugeuka. Nenda kwenye taarabu umtazame mama anayeinuka kwenda kutunza: noti mkononi, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, na mwimbaji anamsubiri. Hajasema neno. Hayo ndiyo madaha, na ukimwambia anayo atakushukuru. Ingawa nayo yana gharama zake. Nilipoanza kazi ya ualimu nilinunua viatu vya kisigino, nikawa nashuka navyo Magogoni kuwahi kivuko cha Kigamboni. Bibi mmoja muuza karanga akaniambia, "Mwanangu, madaha yako yatakuachisha pantoni." Nikacheka. Siku hiyo hiyo pantoni likaniacha.

Maringo yamekaa katikati, yanategemea nani kasema. Shoga zake wakimpigia vigelegele, "Ringa mwaya, ringa!", ni sifa. Kijana aliyekataliwa kituoni akisema "yule dada ana maringo", hayo ni malalamiko ya kijana tu, wala si habari za dada.

Mikogo inahitaji kitu na watu wa kukiona. Kanunua simu mpya, basi hata saa anaitazama kwenye simu hiyo, mkono juu. Hapo tunasema anatukoga. (Watu wa Pwani tunasema pia kukoga kwa maana ya kuoga. Mjukuu wangu aliposikia jirani "anatukoga na gari lake" aliuliza sabuni iko wapi.)

Majivuno yako moyoni, ndiyo maana neno lenyewe ni la kujivuna. Yakitoka mdomoni huwa majigambo, na hayo mababu waliyapa heshima yake: shujaa alisimama mbele za watu akajigamba kwa matendo yake, na leo wanafunzi wanayasoma kama fasihi simulizi. Kiburi, neno tulilopata kwa Waarabu, si lazima kionekane kabisa. Wapo wenye kandambili zilizokatika na kiburi cha kujaza ghorofa.

Alichokuonyesha mteja wako alipoondoka, kama alibetua midomo, zilikuwa nyodo. Vijana wa siku hizi wangesema anajisikia, au anajimwambafai. Bishoo na sharobaro tuwaachie wenyewe. Ila mlimbwende limenishangaza: zamani lilimchoma mtu aliyezidisha kujipamba, leo magazeti yanawaita walimbwende washiriki wa mashindano ya urembo nao wanatabasamu.

Mpigie simu. Usianze na deni. Mwambie, "Dada, gauni lako linakusubiri, halina wa kulivaa kwa madaha kama wewe." Akija, pesa mtaizungumza akiwa amelivaa.

*Shikamoo. Natafuta kazi ya mapokezi hotelini. Kwenye barua nimeandika kuwa mimi ni "mcheshi, mtanashati na mjuaji". Ni sahihi? — Kijana wa Kigamboni*

Marahaba. Mcheshi huwachekesha watu. Mapokezi wanataka mchangamfu, anayemkaribisha mgeni kwa bashasha hata saa nane usiku. Mtanashati ni mtu nadhifu, ila hilo waache waone wenyewe ukifika. La tatu ndilo litakaloifikisha barua kapuni. Mjuzi ndiye ajuaye. Mjuaji ni yule abiria wa Mbagala anayemfundisha dereva pa kupita. Na kama barua imeshafika, usiwafuate kuwaeleza tofauti, maana huo ndio ujuaji wenyewe.