Taa ya penye usukani: washa kidogo, washa chini

Wanaoanza kusafiri usiku kwa tanga ziwani huniuliza wanunue taa yenye nguvu kiasi gani ya kufunga kule nyuma, anapokaa mshika usukani. Jibu langu ni lile lile: nunua ndogo kuliko unavyodhani, kisha uipunguze tena. Taa ile haiko pale kukuonyesha ziwa. Hakuna taa ya betri itakayokuonyesha Ziwa Nyasa usiku. Iko pale uone kamba, miguu yako, dira na maji yaliyoingia sakafuni, huku macho yako yakibaki na uwezo wa kuona kilichoko mbele.

Kwa sisi wa Matema, huku Kyela kaskazini mwa ziwa, jambo hili ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Safu ya milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki na kushuka moja kwa moja majini, kwa hiyo hata mwezi mkubwa hutuchelewea, mpaka uupande mlima kwanza. Kina nacho ni kirefu hadi karibu kabisa na nchi kavu (sehemu ya ndani zaidi ya ziwa hili hufika karibu mita 700), basi usitegemee maji mafupi yakuonye kwamba umeusogelea mwamba. Wakati wa kiangazi watu huchoma nyasi mlimani, na moto wa mbali kwenye mteremko unaweza kuudhania taa ya chombo. Kubwa kuliko yote ni mitumbwi. Mtu mmoja kwenye mtumbwi wa gogo, ameketi kimya na nyavu zake, hana taa yoyote. Huyo ndiye unayemtafuta kwa macho usiku kucha, na huyo ndiye taa yako kali inayemficha.

Jicho linalotoka kwenye mwanga huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza sawasawa. Mboni hupanuka upesi, lakini kazi kubwa iko nyuma ya jicho, kwenye chembe zinazonasa mwanga hafifu. Chembe hizo zina kemikali yake, ambayo hujirudisha taratibu gizani na kuharibiwa upesi na mwanga mkali. Sekunde chache za tochi usoni zinatosha kukurudisha mwanzo. Tena chembe hizo hazipo katikati kabisa ya jicho. Ndiyo maana ukikodolea mtumbwi macho moja kwa moja unapotea, ukitazama pembeni yake kidogo unarudi. Mfundishe kila anayeshika usukani jambo hilo kabla hujamfundisha fundo lolote.

Kuhusu rangi, wengi wameshasikia kwamba taa nyekundu ndiyo taa ya usiku. Ni kweli, chembe hizo za gizani haziusikii sana mwanga mwekundu. Lakini nyekundu kali bado ni kali, na nimeona mashua iliyofungwa taa nyekundu hadi tanga zima limegeuka ukuta wa rangi, na mshika usukani haoni hata omo, ile ncha ya mbele ya mashua. Nyeupe iliyofifizwa sana ni afadhali kuliko nyekundu inayomulika. Nyekundu ina dosari nyingine mbili. Alama nyekundu kwenye ramani hazionekani chini yake. Na chombo kikikuona kwa mbali, wekundu wako kinaweza kuudhania ile taa ya ubavu wa kushoto, kikakukosea mwelekeo. Mimi bado nachagua nyekundu, kwa masharti kwamba iwe hafifu na isionekane kutoka nje ya mashua.

Hapo ndipo mahali pa kuifunga panapokuwa muhimu kuliko taa yenyewe. Usiifunge mlingotini wala kwenye nguzo yoyote juu ya kichwa. Ifunge chini ya ukingo wa benchi, usawa wa kifundo cha mguu, ikitazama sakafuni. Ukikaa kwenye usukani unatakiwa uone duara dogo la mwanga penye miguu, na taa yenyewe usiione kabisa. Mwanga wa hivyo unakuonyesha kama kamba ya tanga imejiviringa kwenye kisigino, kama ile mizunguko ya kamba kwenye kigingi imekaa ilivyotakiwa au mmoja umepanda juu ya mwenzake na utagoma kufunguka siku ya upepo. Unayaona maji yakianza kung'aa kati ya mbao. Hayo yanakutosha. Kama ndani ya mashua pamepakwa rangi nyeupe ya kung'aa, hata taa iwe ndogo kiasi gani, mwanga wake utaruka ukutani na kukupiga machoni, kwa hiyo paka kijivu au rangi ya udongo isiyong'aa, angalau sehemu ile ya nyuma. Kwa kazi hii hiyo, mzee mmoja mvuvi huku kwetu hukata kipande cha debe akakifunga upande mmoja wa taa yake, mwanga uende anakotaka yeye tu. Hana waya wala swichi ya kuzungusha, na macho yake usiku ni makali kuliko ya vijana wote wa pale ufukweni.

Vifaa havihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye maduka ya spea za bodaboda, utapata karibu kila kitu, kwa sababu pikipiki nayo inatumia volti 12: ukanda wa taa nyekundu za LED, swichi, fyuzi, waya na betri. Ukanda wa kawaida wenye taa ndogo 60 kwa mita hula kama ampea 0.4 kwa kila mita ukiwaka kwa nguvu zote. Nusu mita inatosha kabisa mashua ndogo, nayo ni ampea 0.2. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 (7Ah) usiimalize, itumie nusu tu ili idumu, na hiyo nusu itakupa kama saa 17. Ukiweka swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, utakwenda zaidi ya hapo. Ukikosa swichi hiyo, ziba baadhi ya taa kwa tepu nyeusi ya umeme. Haipendezi, lakini inafanya kazi. Ukanda ukatwe pale tu penye alama ya mkasi, na ncha iliyokatwa izibwe kwa silikoni. Maji ya Nyasa hayana chumvi, hayali waya kama ya bahari, ila unyevu ni unyevu.

Sasa dira. Hili mafundi wengi wa pikipiki hawalijui, nawe lazima uwaambie. Waya wenye umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku, na ukiupitisha karibu na dira utaivuta sindano. Dawa yake ni kuzisokota pamoja waya ya chanya na ya hasi tangu kwenye betri hadi kwenye taa, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Kisha jaribu mashua ikiwa imefungwa ufukweni: tazama dira, mwenzako awashe taa, azime, awashe tena. Sindano ikitikisika hata kidogo, hamisha waya. Simu na spika ndogo za muziki nazo zina sumaku, kwa hiyo zikae mbali na dira hata kama zimezimwa.

Simu ndizo zinazonitaabisha kuliko taa zote. Unawapakia watu na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, jua limezama, mmoja anafungua simu kutafuta mtandao, mwingine anawasha tochi kutafuta ndala. Mshika usukani ameshapoteza nusu saa ya macho. Siku hizi nasema kabla hatujasukuma mashua, wakati watu bado wako mchangani: simu zipunguzwe mwanga hadi mwisho, na anayehitaji tochi aombe. Kwa mtu mzima unasema kwa adabu: "Baba, samahani, naomba tochi itazame chini, nahodha asipoteze njia." Sijawahi kuona mzee akikataa akielezwa sababu. Tochi ya kichwani ni mbaya zaidi, maana kila unapomgeukia mwenzako unamchoma macho. Itundike shingoni ikiangalia tumbo.

Kuna mwanga usioweza kuuzuia, wa wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi wana taa za betri na sola, na usiku usio na mwezi huwaona wametapakaa ziwani. Wako kazini, nasi ndio wapita njia. Wapitie mbali, upande usioziba nyavu zao, na kabla hujafika usawa wa taa fumba jicho moja. Lifumbe kweli, kwa kiganja, mpaka zimebaki nyuma yako. Jicho hilo utalihitaji dakika inayofuata, kwa sababu mara nyingi nyuma ya taa zile kuna mtumbwi wa msaidizi usio na mwanga wowote.

Taa hii ya ndani haihesabiki kuwa taa ya chombo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka chombo cha tanga kinachotembea kiwe na nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza. Chombo kisichofika mita 7 kikishindwa kuzifunga hizo, kiwe na tochi au kandili ya mwanga mweupe tayari, ya kuonyesha mapema kabla ya hatari. Kanuni hizo hizo zinakataza taa nyingine yoyote inayoweza kufananishwa na hizo au kumzuia mtu kuangalia vizuri. Kwa upande wa huku nyumbani, usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa hiyo waulize wao chombo chako kinatakiwa kuwa na nini. Mimi naweka tochi kali nyeupe imefungwa kwa kamba fupi karibu na mkono wa usukani. Boti ya injini ikija, usiimulike machoni. Mulika tanga lako. Tanga zima likiwaka jeupe, hakuna atakayesema hakukuona. Fumba jicho moja kwanza.

Taa nyekundu iliyo chini ina faida nyingine ambayo sikuiona imeandikwa popote nilipojifunza mambo haya: wadudu. Wale vijidudu wa ziwani wanaoinuka kwa makundi hadi ukadhani ni moshi juu ya maji huvutwa sana na mwanga mweupe, na wekundu hauwavuti hivyo. Aliyewahi kuwameza huku anashika usukani ataelewa ninachosema.

Na kama giza likiingia tu unajikuta huoni wakati wenzako wanaona, tatizo huenda si taa. Upungufu wa vitamini A huanza kwa kushindwa kuona usiku, na hilo ni la kupeleka hospitali. Kyela tuna mawese, tuna maembe, tuna mboga za majani, hatuna sababu ya kuyanyima macho chakula chake.

Miezi ya mwera, hasa Mei hadi Agosti, upepo wa kusini ukija na mawimbi yaliyopita ziwa zima, ushauri wangu wa taa hauna maana, kwa sababu sikushauri utoke usiku kabisa. Lala Lyulilo, uondoke asubuhi.

Mwisho ni fyuzi. Iwe karibu na betri, kwenye waya wa chanya, ya ampea 1 au 2 kwa taa hizi ndogo, isiwe kubwa ya kubahatisha, maana waya ukigusana chini ya mbao na fyuzi isikatike, utawasha moto usioutaka. Fyuzi mbili za akiba zifunge kwa tepu juu ya kifuniko cha betri, sehemu unayoweza kuipapasa kwa vidole bila kuwasha kitu. Kila ukimaliza safari yenye mvua, fungua kile kiunganishi cha waya, kifute, kipake grisi kidogo, na uache boksi la betri wazi mpaka likauke.