Anayekwama Katika Kuandika Programu: Mwache Ashike Kibodi Mwenyewe

Mtu anayejifunza kuandika programu akikwama, msaada wa kwanza anaoupata mara nyingi ndio unaozidi kumkwamisha. Anamwita anayejua zaidi, na yule anayejua zaidi anavuta kiti, anasogeza laptopu upande wake, anafuta mistari miwili, anaandika mingine mitatu, programu inakubali, kisha anauliza, "Umeona?" Mwanafunzi anajibu kwamba ameona, kwa sababu hana jibu lingine la adabu la kumpa mtu aliyeacha shughuli zake ili amsaidie. Alichokiona ni vidole vya mwenzake vikikimbia. Kesho yake tatizo lilelile linamrudia kwa sura nyingine, na safari hii anaona haya kuita tena.

Nimewafundisha vijana wengi kuandika programu kwa lugha ya Python, baadhi yao darasani na wengine jioni nyumbani kwangu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba anayekwama hakosi akili wala bidii, na mara nyingi hakosi hata maelezo, kwa kuwa maelezo yamejaa mtandaoni. Anachokosa ni picha ya kile kompyuta inachokifanya, mstari baada ya mstari, tangu programu inapoanza hadi inapoisha. Kazi ya anayemsaidia ni kuifahamu kwanza picha aliyonayo mwanafunzi kichwani, kisha kumpa nafasi ya kuipima yeye mwenyewe mpaka inyooke.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipoanza masomo ya stashahada ya teknolojia ya habari alinijia na programu fupi aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa cha mama yake. Programu iliuliza michango ya wanachama wawili na kuijumlisha:

mchango1 = input("Mchango wa kwanza: ")
mchango2 = input("Mchango wa pili: ")
print(mchango1 + mchango2)

Aliandika 5000, akaandika 3000, na skrini ikamwonyesha 50003000. "Mjomba, hii kompyuta haijui hesabu," alisema, na alikuwa amekasirika kweli, maana alishaifuta programu yote na kuiandika upya mara kadhaa bila kubadilisha jambo lolote la msingi.

Kumwambia aongeze int, amri ya Python ya kugeuza maandishi yawe namba, kungemaliza shida palepale. Badala yake nilimwomba aweke kidole kwenye mstari wa kwanza na kunieleza kompyuta inafanya nini hapo. Akasema inapokea hela. Nikamuuliza kompyuta inajuaje kwamba ni hela. Akanijibu kwa uhakika kabisa, "Si nimeiita mchango, mjomba?"

Jibu hilo lina thamani kubwa kuliko marekebisho yoyote ambayo ningeyafanya kwenye programu yake, kwa sababu lilionyesha waziwazi mahali palipokuwa na kasoro. Hakuwa amesahau kanuni fulani. Aliamini kwamba jina alilolichagua linaiambia kompyuta maana ya kile kilichomo ndani yake. Mtafiti wa Marekani, Roy Pea, aliliandikia jambo hili mwaka 1986, akieleza kwamba wanaoanza, bila kujali lugha ya programu wanayojifunza, huelekea kudhani kwamba ndani ya mashine kuna akili fulani iliyojificha inayoelewa nia yao. Ukimpa int mtu mwenye imani hiyo, atalitumia kama watu wanavyotumia maneno ya kunuizia: ataliweka kila mahali na kuomba lifanye kazi, bila kujua kwa nini limefanya kazi hapa na kugoma pale.

Nilimwonyesha jinsi ya kuiuliza kompyuta yenyewe imehifadhi kitu cha aina gani, kwa kuandika print(type(mchango1)), na akajionea kwamba kompyuta ilijibu str, yaani maandishi. Nikamwachia swali moja: maandishi mawili yakijumlishwa yanatoa nini? Alijaribu kwa majina ya watu, akapata AshaJuma yameungana bila nafasi, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutafuta mwenyewe namna ya kugeuza maandishi yawe namba. Alipoipata int na programu ikatoa 8000, nilimuuliza ingekuwaje kama mama mmoja wa kikundi angeandika "elfu tano" badala ya tarakimu. Alitabiri kwamba kompyuta ingeelewa. Akajaribu, na programu ikakatika kwa ujumbe huu: ValueError: invalid literal for int() with base 10: 'elfu tano'. Tangu siku ile sijamsikia tena akisema kwamba kompyuta "inapaswa kujua" jambo fulani.

Katika kisa hicho kuna desturi moja ambayo ningependa kila anayemsaidia mwenzake aishike, nayo ni kutabiri kabla ya kuendesha programu. Mwanafunzi asibonyeze kitufe kabla hajasema, au hajaandika pembeni, nini kitatokea kwenye skrini. Utabiri ukilingana na matokeo, picha yake imethibitika. Usipolingana, mmepata mahali hasa pa kuzungumzia, na mazungumzo hayo yatakuwa juu ya jambo moja dogo lililo mbele yenu, wala hayatamhukumu yeye kama anaweza au hawezi.

Sehemu nyingine inayowakwamisha wengi ni programu inapoanza kujirudia. Chukua mfano huu wa kikundi kilekile:

michango = [2000, 5000, 1000]
jumla = 0
for m in michango:
    jumla = jumla + m
print(jumla)

Mstari wa nne unamchanganya mtu aliyesoma hesabu vizuri shuleni kuliko yule aliyezisoma vibaya, kwa sababu katika hesabu za shule jumla haiwezi kuwa sawa na jumla ukiongeza kitu kingine, isipokuwa kitu hicho ni sifuri. Ni lazima aelezwe kwamba alama ya = katika Python ni amri: kompyuta hupiga kwanza hesabu ya upande wa kulia, kisha huhifadhi jibu lake kwa jina lililo upande wa kushoto, na kilichokuwa kimehifadhiwa kwa jina hilo kabla yake huondoka. Maelezo hayo hayatoshi kwa kusikilizwa tu. Mpe karatasi na kalamu, achore safu mbili, moja ya m na nyingine ya jumla, kisha awe yeye ndiye kompyuta. Mwanzoni jumla ni 0. Mzunguko wa kwanza m ni 2000 na jumla inakuwa 2000. Wa pili m ni 5000 na jumla inakuwa 7000. Wa tatu m ni 1000 na jumla inakuwa 8000. Kila thamani mpya inapoandikwa, ya zamani ikatwe kwa mstari, ili aone kwa macho kwamba imekwenda.

Akishaizoea karatasi hiyo, msogezee mstari wa jumla = 0 uingie ndani ya mzunguko na umwombe ajaze jedwali upya bila kugusa kompyuta. Atagundua kwamba jumla inarudi sifuri kila raundi, na kwamba mwishoni kinachobaki ni 1000, mchango wa mtu wa mwisho peke yake. Kisha arudishe mstari huo mahali pake na ausogeze ule wa print uingie ndani, atabiri namba zitakazoonekana: 2000, 7000, 8000. Kwa zoezi hili moja anaelewa kwa nini nafasi zile mwanzoni mwa mstari zina maana katika Python, jambo ambalo vitabu hulisema kama kanuni ya kukariri.

Ipo programu inayofanya kazi ya karatasi hii kwenye skrini. Inaitwa Thonny, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza, na inamruhusu mwanafunzi kuendesha programu hatua kwa hatua huku akiona thamani zikibadilika pembeni. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo ikishapakuliwa haihitaji bando tena. Kwa asiye na kompyuta, na hao ni wengi miongoni mwetu, Pydroid 3 huendesha Python kwenye simu ya Android bila intaneti. Kuandika kwa kidole gumba kunachosha, lakini nimewaona vijana waliofika mbali kwa njia hiyo. Hata hivyo ningeanza na karatasi, kwa sababu karatasi haiendelei mpaka mwanafunzi mwenyewe aamue kinachofuata.

Jambo ninaloliona linapuuzwa zaidi ya yote ni ujumbe wa kosa. Yale maandishi mekundu yakitokea, wanaoanza wengi huyafumbia macho, wakarudi kwenye programu na kubadilisha hiki na kile kwa kubahatisha. Sehemu ya sababu ni lugha. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa masomo yake kwa Kiswahili kwa miaka yote hiyo, na Kiingereza cha sekondari hakikumwandaa kukutana na sentensi za namna hii. Mweleze aanze kusoma kuanzia mstari wa mwisho, kwa kuwa katika Python ndipo panapotajwa aina ya kosa, kisha apande juu kutafuta namba ya mstari uliohusika. Awe na daftari ambamo anaandika kila ujumbe anaokutana nao, maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na kilichousababisha. NameError: nimetumia jina ambalo kompyuta haijalijua, niliandika Jumla kwa herufi kubwa wakati mwanzoni niliandika jumla. IndentationError: nafasi za mwanzoni mwa mstari hazijapangika. Makosa ya mwanzoni ni yaleyale machache yanayojirudia, na daftari hilo hujaa mambo mapya kwa kasi kwa muda mfupi tu, kisha hutulia.

Mwonye pia kwamba namba ya mstari huonyesha mahali kompyuta iliposhindwa kuendelea, na pengine kosa lenyewe liko juu yake. Matoleo ya zamani ya Python yalikuwa na tabia ya kulalamikia mstari unaofuata pale mabano yalipoachwa wazi. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, Python hutaja moja kwa moja kwamba mabano fulani hayakufungwa. Ikiwa mwanafunzi wako anatumia toleo la zamani, kumwekea jipya ni msaada mkubwa kwake.

Na hapa niseme kwamba hiyo ni kazi ambayo sioni haya kushika kibodi na kuifanya mwenyewe. Kuweka Python kwenye Windows, kutafuta kwa nini amri haitambuliki kwa sababu kisanduku cha PATH, kinachoiwezesha Windows kujua Python iko wapi, hakikuwekewa alama, kutafuta faili lilikohifadhiwa: mambo haya yanamchosha anayeanza kabla hajaandika hata mstari mmoja, na hayamfundishi chochote kuhusu kufikiri kwa hatua. Atayajua baadaye. Mfanyie, mwache aanze.

Kuhusu video za mafunzo na programu za akili mnemba, msimamo wangu ni huo huo. Video ni nzuri, mradi ikiisha aifunge na kuiandika programu ile kwa kichwa, huku akibadilisha jambo moja. Kama video ilihesabu alama za mtihani, yeye ahesabu mauzo ya genge. Akili mnemba inaweza kumweleza maana ya ujumbe wa kosa kwa subira ambayo binadamu hana, na kwa Kiswahili pia, lakini ikimwandikia programu nzima inakuwa ni yule msaidizi wa mwanzo aliyesogeza laptopu upande wake. Kipimo ni kimoja: msimamishe kwenye mstari wowote na umuulize unafanya nini. Mstari ambao hawezi kuueleza, aufute.

Usimwache pia ahame lugha kila anaposikia kwamba JavaScript ina soko zaidi. Kukwama kwenye mzunguko katika Python ni kukwama kwenye mzunguko popote pale.

Mkiwa mbali, usaidizi mwingi hupitia WhatsApp, na huko picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine, yenye mwanga na mistari iliyokatika, haimsaidii yeyote. Mimi huomba faili lenyewe la programu, kwa kuwa maandishi yakibandikwa kwenye ujumbe hupoteza mpangilio wake kwa urahisi, na pamoja na faili hilo naomba maelezo matatu mafupi: alitaka programu ifanye nini, imefanya nini badala yake, na amejaribu nini tayari. Kuyaandika maelezo hayo kunamlazimisha kutenganisha alichokusudia na kilichotokea, na wapo wanaonitumia ujumbe, kisha wakaufuta kabla sijausoma. Kwa wanaobaki, simjibu mtu kwa programu iliyorekebishwa. Namtumia namba ya mstari na swali moja kuhusu mstari huo, na nasubiri utabiri wake kabla ya kuendelea.