Usiweke fyuzi ya 30 kwa taa za gari, hata fundi akuapie

Wewe ndugu wa Toyota Probox, ngoja kwanza. Kabla hujafika kwa huyo fundi jioni soma hii yote. Umesema umebadilisha balbu za mbele, ya kushoto imekataa kabisa, ya kulia inawaka lakini hafifu, ukiwasha tu fyuzi ya ampea 10 ya upande wa kushoto inakata hapo hapo, na fundi amekwambia dawa ni kuweka ya 30 ndio "ivumilie". Tena unauliza kama ni afadhali ununue LED, na kesho usiku unashuka Kisumu na mzigo. Nakwambia usiiweke hiyo fyuzi. Usiiweke.

Fyuzi haina kazi ya kuvumilia, kazi yake ni kukata mapema ndio waya isiungue. Hiyo waya inayoenda kwa taa ni nyembamba, kiwandani waliipimia balbu ya H4 ya kawaida, ile ya nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu, ambayo kwa volti 12 inavuta kama ampea 5 hivi, kwa hivyo ya 10 inatosha na inabaki. Ikikata mara tu unapowasha, maanake stima inapita mahali haifai kupita, mara nyingi ni positivu imegusa bodi. Sasa ukiweka ya 30 hujatibu kitu, umeifungulia njia. Waya ile ile ikibeba stima mara tatu joto lake linapanda mara tisa, na haiko peke yake, imefungwa tepu pamoja na ya indiketa, ya honi, ya paki, zote zinapita kwa ukuta wa injini hadi ndani ya dashibodi.

Yangu ilianza hivyo hivyo. Duka moja la spea hapa Nakuru, jamaa wa kaunta aliniuzia balbu za wati 100 kwa 90, ati za rally, ati Mau Summit, kule juu kwa barabara ya Kisumu, kuna ukungu na hizi zitanionyesha barabara hadi Londiani. Hakuuliza gari ina soketi gani, hakuuliza waya, alitoa tu boksi. Hizo balbu zinavuta zaidi ya mara moja na nusu ya zile za kawaida. Mwanzoni mwanga ulikuwa mzuri kweli, sikatai. Lakini soketi ya nyuma ni ya plastiki, ikawa inapikwa kila usiku, ikageuka kahawia, ganda la waya likakauka likapasuka, shaba ikabaki wazi ikagusa chuma. Hapo ndipo fyuzi ikaanza kukata, na ilikuwa sahihi kukata! Fundi badala ya kuvuta soketi aangalie, akang'oa ile nyekundu ya 10 akasukuma kijani ya 30, taa zikawaka, akachukua pesa yake akaenda kwa gari ingine.

Kilichofuata sikuombei. Usiku, napanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, lori mbele lori nyuma, nikaanza kusikia harufu ya plastiki, kidogo moshi ukatoka pale chini ya usukani, na taa zote zikazima kwa mpigo, mpaka za nyuma. Unajua hiyo barabara ilivyo, hakuna mtu anakuona. Nilitoka barabarani nikifuata mwanga wa lori la nyuma tu. Nikafungua boneti, terminali ya betri imekazwa na spana ya 10 sina, nikaizungusha na mkono huku na huku hadi ikatoka, ndio moshi ukapungua. Fundi wa stima aliyeifungua baadaye alinionyesha, waya zimeyeyuka zikashikana zikawa kipande kimoja cheusi, huwezi kutenganisha ya honi na ya taa. Boksi ya fyuzi imelegea upande mmoja, ile swichi ya taa kwa usukani nayo kwisha. Pesa ya karo ya muhula mzima ilienda hapo, kwa sababu ya kitu kinachouzwa bei ya mandazi.

Na nilipomrudia yule wa kaunta unajua aliniambia nini? Ati balbu haina shida, gari ndio ya zamani. Mtu anauza spea za gari kila siku na hajui wati ni nini, anakutuma barabarani usiku na watoto ndani! Huyo fundi naye alisema alipima na testa akaona stima imefika kila mahali. Itafika tu, Toyota nyingi za zamani positivu inaenda kwa balbu moja kwa moja na swichi inakata negativu, kwa hivyo balbu ikiwa imechomekwa na negativu imekatika mahali, testa itawaka kwa miguu yote mitatu hata kama kuna shida. Hawa watu wananiudhi hadi leo.

Sasa fanya hivi mchana huu. Soma kifuniko cha boksi ya fyuzi, namba iliyoandikwa pale ndio hiyo hiyo utaweka, hakuna majadiliano. Kisha soma balbu mpya pale kwa chuma chake, ikiwa haijaandikwa 60/55 itoe, hata kama inawaka vizuri. Halafu chomoa balbu ya kushoto, soketi uiache inaning'inia isiguse chuma, weka ya 10 mpya, washa. Ikikata na balbu haipo, shida ni waya, acha kununua balbu, hata hizo za LED. Ikikaa, jaribu ile ya kulia upande wa kushoto, ikiwaka basi ile uliyochomoa kushoto ndio mbovu ndani, irudishe.

Kama ni waya, usiunguze fyuzi moja baada ya ingine ukitafuta. Chukua balbu yako ya zamani ambayo uzi mmoja bado ni mzima, ifunge waya mbili, zichomeke pale fyuzi inakaa, ile ya kushoto ikiwa bado nje, na uwashe taa. Positivu ikiwa inagusa bodi hiyo balbu itawaka kwa nguvu zote, na waya haitaungua kwa sababu balbu ndio imezuia stima isizidi. Ishike kwa waya, kioo kinachoma. Basi anza kutikisa waya za taa pole pole kutoka kwa soketi ukirudi nyuma, pale balbu itazima ndipo pana jeraha. Mimi ningeanza na kale kachuma ka springi kanakobana balbu, mtu akirudisha balbu mpya haraka haraka kanashika waya kakaikata ganda, na vile wewe imeanza siku ile ile ya kubadilisha, nashuku sana hapo. Kisha angalia karibu na betri na kila mahali waya inapita ukingo wa bati.

Soketi ikiwa imebadilika rangi usiifunge tepu, itupe, kuna za seramiki zinauzwa na waya zake tayari, lakini uziunge vizuri na solda, si kusokota na vidole.

Fanya hiyo ya kutoa balbu na kuweka ya 10, kisha urudi hapa utuambie imekata ama imekaa, na upige picha ya soketi kwa nyuma tuone rangi. Mwenye mzigo mwambie Kisumu ni keshokutwa, mchana.