Barua kwa mwanangu: ile habari uliyoisoma na vidonge unavyomeza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza hivi: "Baba, nimesoma kwamba wanasayansi wamegundua sonona haitokani na upungufu wa serotonini, ile kemikali ya ubongo. Daktari aliniandikia vidonge hivi akisema serotonini yangu iko chini. Kwa hiyo nimedanganywa? Niache?" Na mwishoni, kwa mstari mmoja tu, ukaongeza kwamba kazini kwenu walikuwa wakizungumzia mauaji yaliyotangazwa kwenye taarifa ya habari, mwenzako mmoja akasema wanaofanya mambo hayo ni hao wanaokunywa dawa za akili, nawe ukanyamaza.

Nianze na lisilosubiri. Usiache leo. Kama utaziacha siku moja, hilo ni lako na daktari wako, na lina wakati wake. Ninachokukataza ni kuzikata ghafla kwa sababu ya kichwa cha habari. Mwili huzizoea dawa hizi, na zikikatwa kwa mkupuo baadhi ya watu hupata kizunguzungu, usingizi huwapaa, hasira na machozi huja bila sababu, na wengine husikia kitu kama shoti ya umeme ikipita kichwani wanapogeuza macho upande. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kilibadili msimamo wake mwaka 2019, kikakiri kwamba kwa watu wengine dalili hizo huwa kali na huchukua muda mrefu. Shida ni kwamba anayepatwa nazo hudhani ugonjwa umemrudia, au huamini kwamba dawa zilikuwa zimeshamharibu, na katika hali hiyo huamua mambo ambayo asingeyaamua akiwa ametulia.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Si mpya, huibuka kila mara mtu anapoisambaza upya. Utafiti huo ulitoka Julai 2022 katika jarida la Molecular Psychiatry, ukiongozwa na Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa chuo kikuu cha University College London. Yeye na wenzake hawakupima wagonjwa wapya. Walikusanya mapitio ya tafiti zilizofanywa kwa miongo kadhaa wakauliza swali moja: kuna ushahidi unaosimama kwamba wenye sonona wana serotonini kidogo kuliko watu wengine? Wakajibu kwamba ushahidi thabiti haupo. Wataalamu wengi hawakushtuka, maana maelezo hayo mepesi walikuwa wameshayaweka kando siku nyingi. Walioshtuka ni wagonjwa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa bado wakielezwa hivyo.

Maelezo hayo yalitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Wauguzi wakaona watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wameanza kula, kuchangamka, hata kutaniana. Baadaye ikajulikana kwamba dawa za namna hiyo huongeza kemikali fulani za ubongo, serotonini ikiwamo. Hapo watafiti wakafikiri kinyumenyume: kama dawa inaongeza kitu na mgonjwa anapata nafuu, basi ugonjwa lazima uwe ni kupungukiwa na kitu hicho. Lilikuwa wazo zuri la kuanzia, na lilistahili kuchunguzwa. Likachunguzwa, na halikuthibitika.

Ila kabla halijapimwa vya kutosha lilikuwa limeshaingia sokoni. Fluoksetini, kwa jina la biashara Prozac, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1988. Mwaka 1997 masharti ya kutangaza dawa za daktari kwenye televisheni yakalegezwa huko, na maneno "kemikali za ubongo hazijakaa sawa" yakawa yanaingia sebuleni mwa watu kila jioni. Maelezo hayo yanatosha kwenye tangazo la nusu dakika, na yanamwondolea mgonjwa aibu. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango naye akayaona yanafaa. Mimi siwezi kusema daktari wako alikudanganya, lakini alikurahisishia mno, na una haki ya kuudhika. Mtu mzima anayemeza kidonge kila siku anastahili kuambiwa kijulikanacho na kisichojulikana.

Hapo ndipo habari uliyoisoma ilipoteleza. Swali la dawa inafanyaje kazi ni moja, na swali la kama inafanya kazi ni jingine. Aspirini ilituliza maumivu ya watu kwa miaka zaidi ya 70 kabla mwanasayansi John Vane hajaeleza mwaka 1971 inafanya nini mwilini. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, mpaka leo huwatuliza watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na bado wanasayansi wanabishana inapita njia gani. Moncrieff na wenzake, katika makala ile, hawakupima kama dawa za sonona zinasaidia. Ni kweli kwamba nje ya makala yeye ni mkosoaji wa dawa hizi, na alisema hivyo kwa waandishi. Ndiyo maana hayo mawili yakachanganywa kwenye magazeti.

Kama zinasaidia, hilo limepimwa kwingine. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21 za sonona. Zote 21 zilizidi kidonge kisicho na dawa ndani yake. Magazeti yakashangilia. Ukisoma kwa utulivu unaona nafuu hiyo kwa wastani ilikuwa ya kadiri, na mengi ya majaribio yalidumu kama wiki nane, ilhali watu humeza vidonge hivi kwa miaka.

Kuna utafiti mmoja nataka uujue kuliko yote, kwa sababu unakuhusu moja kwa moja. Ulitoka mwaka 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti walichukua watu 478 kutoka kliniki za kawaida za England, waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu na ambao sasa walijisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Nusu wakaendelea na dawa zao. Nusu wakapunguziwa taratibu mpaka wakawa wanameza vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Baada ya mwaka, walioachishwa waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 56 katika kila 100. Walioendelea na dawa waliorudiwa walikuwa 39 katika kila 100.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya wahariri, na nakuhakikishia namba hizo zinaweza kutoa vichwa viwili vya habari, vyote vya kweli. Cha kwanza: wengi wanaoacha dawa za sonona hurudiwa na ugonjwa. Cha pili: watu 44 kati ya 100 waliacha dawa na wakamaliza mwaka wakiwa salama. Msomaji wa gazeti la kwanza atameza vidonge maisha yake yote kwa woga, wa pili atavitupa usiku uleule. Na hakuna kati yao aliyeambiwa neno kuhusu ugonjwa wake mwenyewe: umemwandama mara ngapi, ulianza na nini, nyumbani kukoje sasa. Habari za namna hii huzungumzia mkusanyiko wa watu. Wewe hujulikani ndani yake. Wa kukuweka mahali pako ni daktari mwenye faili lako, na wewe mwenyewe.

Acha nikuonyeshe jinsi habari ya afya inavyopikwa, maana nadhani utaisoma tofauti baada ya hapo. Asubuhi inaingia taarifa kwa vyombo vya habari kutoka chuo kikuu, kurasa mbili, tayari ina nukuu ya mtafiti. Mwandishi ana habari nyingine tatu za kumaliza siku hiyo, kwa hiyo ripoti yenyewe yenye kurasa thelathini haisomi. Anaandika maneno mia tano. Juu anaweka kilicho kipya na cha kushtua. Chini kabisa, kwa adabu, anaweka aya ya mtaalamu mwingine anayesema tahadhari, sampuli ilikuwa ndogo, mtu asiache dawa bila ushauri. Jioni linaingia tangazo la kulipiwa, nafasi inapungua, na habari hukatwa kutoka chini. Aya ya tahadhari ndiyo ya kwanza kwenda. Kisha kichwa cha habari kinaandikwa na mtu mwingine kabisa, mwenye nafasi ya maneno sita.

Na usidhani waandishi peke yao ndio wa kulaumiwa. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa taarifa 462 zilizotolewa na vyuo vikuu vikubwa vya Uingereza. Theluthi moja hivi zilikuwa zimekuza mambo, zikisema kitu fulani kinasababisha kingine wakati utafiti ulionyesha tu kwamba vinaonekana pamoja. Chuo kikikuza, habari 81 kati ya 100 nazo zilikuza. Kisipokuza, zilikuwa 18. Chumvi huingia jikoni, kabla chakula hakijafika kwa mpakuaji.

Katika elimu ya saikolojia, upya wenyewe ni sababu ya kusubiri. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio 100 yaliyokwisha kuchapishwa kwenye majarida ya heshima. Karibu yote ya mwanzo yalikuwa yametoa matokeo yanayoonekana kuwa na maana kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Yaliporudiwa, ni asilimia 36 tu yaliyotoa hivyo tena. Kwa hiyo ukisoma "utafiti mpya wabaini", jua unasoma jambo ambalo bado halijapitia mtihani wake. Usilidharau, lakini usilijengee uamuzi.

Lile la kazini limeniuma zaidi. Ukweli ni kwamba watu wengi mno wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu yeyote, na walio na magonjwa makali wana hatari kubwa zaidi ya kudhuriwa kuliko ya kudhuru. Lakini mwandishi akiwa hana sababu ya mauaji na gazeti linataka kwenda mitamboni, "ugonjwa wa akili" humwokoa. Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings aliiangusha kwa makusudi kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, watu 150 wakafa. Ilipojulikana kwamba aliwahi kuugua sonona, magazeti kadhaa yakaibandika sonona kwenye ukurasa wa mbele kana kwamba ndiyo maelezo yote. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 280 wana sonona. Kama ugonjwa huo ungekuwa unazaa wauaji, tungeona kila asubuhi. Nikupe na jingine ambalo halikuuza magazeti: tangu 2010 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inawaruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona kuendelea kurusha ndege, baada ya kuchunguzwa kwa makini. Wenye dhamana ya roho za abiria waliona heri rubani anayetibiwa na kujulikana kuliko anayejificha.

Huna deni la kumweleza mwenzako wa kazini unachomeza. Kunyamaza siku ile hakukupunguzii kitu. Siku ukijisikia kusema, hiyo ya marubani peke yake inatosha kumfunga mdomo.

Na jambo ambalo hukuniuliza, ila nalisema kwa kuwa mimi ni baba yako. Ukikata au ukipunguza dozi, au hata ukiwa hujaigusa, yakakujia mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya kliniki. Nipigie mimi saa yoyote, na uende hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Nitapokea simu.

Kwa daktari nenda, na nenda na maswali yaliyoandikwa, maana ukishakaa kwenye kile kiti utasahau nusu yake. Mwulize kwa nini alikuchagulia dawa hii na si nyingine, na anatarajia utaitumia mpaka lini. Mwulize atajuaje, nawe utajuaje, kwamba inakusaidia. Mwulize kama mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia yanaweza kuongezwa au kuchukua nafasi yake, kwa sababu kwa sonona nyingi hayo nayo yamethibitika kusaidia. Na kama mtafikia kuacha, mwulize mtapunguza kwa hatua gani, kwa wiki au miezi mingapi, na nani utampigia ukianza kuona kizunguzungu. Mwambie pia kwamba yale maelezo ya serotonini uliyasoma ukaudhika. Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu, na tutatafuta mwingine.

Mpaka siku hiyo meza kama ulivyoandikiwa. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unalala.

Baba yako